Hatua Nane Nyuma ya Mbarika

Mbooni, Jumapili alasiri

Mwikali, mwaitu, yaani mama yangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naisikia kutoka hapa nilipoketi. Unacheka jikoni na mama yako, na kila baada ya muda kifuniko cha sanduku kinagonga kwa sababu hakitaki kufunga. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Tseikuru. Mimi niko chumbani. Daftari zangu za kila mwaka nimezipanga kitandani kwa mfuatano, na mlango nimeufunga ili mtu asije akaniuliza ninatafuta nini.

Sitaandika juu ya maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala mtu wa kumwona ukifika. Mama yako ameyasema hayo tangu Ijumaa, na akimaliza huanza upya. Mimi nina jambo moja, nalo ni lile neno nililokuita mbele ya watu. Sitaki ulibebe mpaka Tseikuru. Sanduku lako limejaa tayari, na neno lile halikuwa lako.

Najua unaikumbuka siku yenyewe. Ulikuja na barua ya serikali mkononi. Umemaliza chuo cha kilimo, umepangiwa kazi ya kuwafundisha wakulima na wafugaji huko kaskazini mwa Kitui. Nami nilikuwa nimekwisha kukuombea kazi ya ukarani pale Tawa, katika shule niliyotunza stoo miaka yangu yote: meza, kivuli, na kila Jumamosi uko nyumbani. Nikamwita ndugu yangu Kioko aje anisaidie kusema nawe.

"Huko Tseikuru kuna nini?" nilikuuliza. "Mbuzi na jua."

"Na watu, Baba."

Kioko akaweka kikombe chini. "Mtoto wa ndugu yangu, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Baba mdogo, sisi hapa tunangoja Krismasi."

Mama yako alicheka ndani ya leso. Kioko mwenyewe alicheka hata chai ikampalia. Mimi sikucheka. Nikatoa ile methali ninayoitoa kila nikikosa la kusema, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nawe ukaniuliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote, "Na mkuu asiyesikia la mdogo, Baba, yeye huvunjika nini?"

Hapo ndipo niliposimama. "Huyu ni mkaidi," nilisema, nikimtazama Kioko kana kwamba wewe hukuwapo. "Akitaka kwenda, aende. Lakini mkono wangu hautagusa kichwa chake."

Unajua maana ya maneno hayo katika boma hili. Hakuna mtoto aliyetoka hapa kwenda kuolewa, au kwenda shule ya bweni, au hata kwenda Mombasa kutafuta kibarua, bila mkono wa mzazi kichwani na maneno machache ya kumwombea. Ulikusanya vikombe ukaenda kuviosha. Kwa majuma matatu tukaishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Ulinipa chakula kwa mikono miwili, ukasema, "Karibu, Baba," nami nikasema, "Mm."

Halafu Ijumaa asubuhi nikiwa nakunywa uji nikasema, "Utahitaji sanduku lenye kufuli." Ulisimama na kijiko hewani. Nadhani uliamini kwamba mama yako amenishinda. Mama yako hakuniambia neno. Nilishindwa na mwandiko wangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Siku moja kabla, Alhamisi, niliamua kukuandalia mashtaka. Wanijua, sisemi bila ushahidi. Nilisema nitapitia daftari zote, nitoe kila siku uliyonipinga pamoja na tarehe yake, niandike kwa mpangilio kwenye karatasi moja, kisha nikusomee mbele ya Kioko. Nilianzia nyuma kabisa, kabla hujazaliwa, kwa sababu sipendi kuanza jambo katikati.

Ukurasa wa kwanza ulionisimamisha ni wa mwaka ule uliofuata uhuru. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha sekondari na kalamu ya wino mfukoni. Matuta ya zamani ya mteremko wetu, yale ambayo wewe hukuyaona, yalichimbwa wakati wa mkoloni, na hayakuchimbwa kwa kupenda. Kiongozi wa kijiji alipiga filimbi alfajiri, na baba yangu na mama yangu, huyo uliyerithi jina lake, wakatoka na majembe. Asiyetoka alifungiwa. Kwa hiyo bendera ilipobadilika, sisi vijana tuliona kwamba kazi yetu ya kwanza ni kuyabomoa. Nilifunga maksai wawili, nikashika plau, nikalima kutoka juu moja kwa moja hadi chini, nikiyakata matuta moja baada ya jingine kama mtu anayekata kamba alizofungwa nazo. Majirani walipiga vigelegele.

Mama alisimama pembeni na kiondo chake begani. Alingoja nigeuze maksai, kisha akasema, "Mwanangu, udongo haujui nani alikuwa mkoloni."

Jioni niliandika: "Leo tumelima uhuru. Mama ana kasumba."

Kasumba! Nililisikia neno hilo kwenye mikutano ya siasa nikalipenda mno. Lilikuwa la mtu ambaye mkoloni ameondoka nchini lakini bado amekaa kichwani mwake. Nami nikambandika mwanamke aliyechimba matuta yale kwa filimbi, Kioko akiwa mgongoni. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuyachukia, ni yeye. Lakini yeye aliweza kutenganisha kiboko na mtaro, na mimi niliyesoma sikuweza. Alikufa kabla sijamwambia hivyo. Alhamisi nilikaa na ukurasa huo magotini muda mrefu.

Nikaendelea kusoma. Mwaka baada ya mwaka watu wanapita humo wakiwa na majina niliyowapa. Fulani mbishi. Fulani mjuaji. Mchungaji wetu wa zamani, shingo ngumu. Mama yako ni king'ang'anizi, na baada ya miezi miwili tena king'ang'anizi, na mahali pamoja nimepiga mstari chini ya neno. Nikatafuta kama nami nimo. Nimo sana. Ila mimi siitwi hivyo. Mimi kila mahali nina "msimamo". Nimekataa, kwa sababu nina msimamo. Sikumjibu salamu, kwa sababu nina msimamo. Mwishowe nilianza kucheka peke yangu, na mama yako akagonga mlango kuuliza kama niko mzima.

Mstari ule chini ya neno la mama yako ni wa mwaka ulipokuwa na miaka kumi na mmoja. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, walikuwa wameanza kuchimba mitaro ya fanya juu. Wewe sasa ndiwe mwalimu wa mambo hayo, lakini mimi nayaeleza kama nilivyoyaona: wanachimba kufuata usawa wa mlima, na udongo wanautupa upande wa juu ili uwe ukingo wa kuzuia maji. Walikwenda kwa zamu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule, na mama yako alikuwa amechimba kwa wenzake msimu mzima. Zamu yetu ilipofika ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimepanda kutoka Tawa. Nikasimama njiani pale penye jiwe, nimevaa koti langu la kazini.

"Shamba hili halichimbwi mitaro," nikawaambia. "Baba yangu alichimba ya kutosha."

Kiongozi wao alikuwa Kasyoka, jirani yetu wa chini. Akaegemea jembe lake. "Karani, sisi hatukuletwa na filimbi. Tumeletwa na uji wa mke wako."

"Rudini."

"Basi tuandikie barua ya kutukataza. Na uipige muhuri, tukaiweke kwa hii shamba izuie maji."

Walicheka njia nzima wakishuka. Mama yako alibaki na sufuria kubwa ya uji. Hakunipigia kelele. Alijitwika sufuria, akawafuata mpaka kwa Kasyoka, wakaunywa huko, wakamchimbia Kasyoka kwa mara ya pili. Mvua ya Novemba ilipokuja, iliuchukua udongo wetu pamoja na mbegu zetu, ikaushusha hadi kwenye mitaro ya Kasyoka, nao ukatulia pale kama mgeni aliyepata kiti. Mahindi yake yalinenepa mwaka ule. Kila aliponiona aliita kutoka shambani, "Karani! Asante kwa udongo!" Nami nikaandika: "Wanawake hawa ni wabishi."

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito, mwaitu.

Kabla ya mvua za Machi nilipanda tena kutoka Tawa nikakuta mtaro shambani. Mama yako alikuwa amekwenda kumwuguza dada yake. Ulikuwa umeuchimba peke yako, juma zima, ukitoka shule. Ulikuwa umefunga kamba kwenye vijiti viwili, na chupa yenye maji nusu umeilaza juu ya ubao ili upate usawa, kama ulivyowaona akina Kasyoka wakifanya. Mtaro ulianzia njiani ukalikatiza shamba mpaka nyuma ya vile vichaka vya mbarika. Ulikuja kunilaki mbio. Viganja vyako vilikuwa na malengelenge.

"Baba, kuja uone. Maji ya chupa yamelala sawa kabisa."

Nikakuambia uufukie.

Ulidhani natania. Nikaenda nikaleta kiti, nikakiweka kando ya njia, nikaketi kukuangalia ukirudisha udongo. Hukulia. Laiti ungelia, labda ningejistukia. Jua lilikuwa limeshuka ulipofika kwenye mbarika ukapotea nyuma ya vichaka. Nilisikia jembe likigonga huko kwa muda, kisha ukatokea ukasema, "Nimemaliza, Baba." Nikaingia ndani, nikaandika: "Mwikali ana kichwa ngumu, lakini leo amejifunza."

Hukuwa umemaliza. Na jambo ninalotaka ulijue leo, kabla ya mengine yote, ni kwamba niliona.

Mvua ilianguka katikati ya juma nikiwa Tawa. Jumamosi nilipofika sikuingia nyumbani kwanza, nilizunguka shamba. Mteremko wote ulikuwa umechanwa kama kwa kitana. Mbegu zimekwenda, na ule udongo uliokuwa umeurudisha kwa amri yangu umekwenda nao. Nikafika kwenye mbarika, nikapita nyuma. Pale palikuwa na mtaro, hatua nane, nilizipima kwa miguu. Umejaa maji yaliyotulia, na juu ya ukingo mbaazi za zamani zimesimama wima, kila moja mahali pake. Nikaelewa kwamba lile jembe nililolisikia lilikuwa likigonga ardhi tu ili mimi nisikie.

Nilisimama hapo mpaka viatu vyangu vikalowa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amenidanganya, na katika shamba lote kilichobaki ni pale tu aliponidanganya. Sikukuita. Sikumwambia mama yako. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, nikaandika tarehe, na kalamu ikakataa. Katika miaka yote hiyo ndiyo siku pekee yenye tarehe na bila neno hata moja. Nilipokuwa nikitafuta mashtaka yako Alhamisi, niliufikia ukurasa huo mweupe nikafunga daftari. Kesi ilikuwa imekwisha.

Lakini kuna jingine, baya zaidi. Unakumbuka kwamba Jumapili ile nilimwambia mama yako awaambie wenzake, kama bado wanataka, waje. Walikuja juma lililofuata wote, na Kasyoka mbele.

"Karani, na ile barua? Muhuri ulikauka?"

Nikachukua jembe la mama yako nikaanza kuchimba, wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Ndipo mmoja wao akauliza ni nani aliyenigeuza. Nikasema, "Mwalimu wa kilimo pale shuleni amenieleza kitaalamu."

Hakuna mwalimu aliyenieleza chochote. Nilijitwalia mtu mwenye cheti kwa sababu niliona haya kusema nimefundishwa na mtoto wangu wa kike. Wewe ulikuwa umesimama hapo na debe la maji ya kunywa. Ulinitazama mara moja, kisha ukaenda kuwagawia watu maji. Tangu siku hiyo boma hili linamshukuru mwalimu asiyejua hata njia ya kuja huku. Kioko alitaka kumpelekea kuku, nikamwambia amehamishwa.

Leo baada ya kanisa nilimwita Kioko na mama yako na Kasyoka nyuma ya nyumba, ulipokuwa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nikawaambia ukweli. Mama yako alisema, "Mimi nilijua. Nilirudi kutoka kwa dada nikauona mtaro." Kasyoka akasema, "Hata mimi nilijua, Karani. Ni mimi nilimwazima chupa." Kumbe miaka yote hiyo mwenye siri nilikuwa mimi peke yangu. Kioko alikuwa mgeni wa habari, naye alichouliza ni kama bado anaweza kumla yule kuku mwenyewe.

Huwezi kujua jinsi nilivyojisikia mwepesi. Nilifikiri kukubali kosa kutaniuma kama kung'olewa jino. Ilikuwa kama kutua gunia nililolibeba hata nikasahau kwamba si sehemu ya mgongo wangu.

Unakwenda kufanya kazi yenye fomu, na fomu nazijua. Kuna mahali utatakiwa uandike kwa nini watu hawajafanya walivyoambiwa. Siku moja utamweleza mzee wa Tseikuru jambo la maana kabisa, naye atakataa, na mbuzi wake watakutazama kama vile nao wamekataa. Kalamu yako itakimbilia neno lile. Naifahamu kalamu hiyo, ni ya ukoo wetu. Ngoja kidogo. Muulize jambo hilo aliambiwa na nani mara ya kwanza, na huyo mtu alikuwa ameshika nini mkononi. Mimi nilikuwa na sababu ya kukataa mitaro, nayo ilikuwa ya kweli. Kosa langu ni kwamba sababu ilikufa nami nikaendelea kuilisha.

Na siku ambayo ni wewe unayekataa, utajuaje kama ni msimamo au ni ukaidi? Nimelitafuta jibu hilo katika daftari zote hizi, na sikulipata. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nilipokuwa kwenye kiti changu kando ya njia nilikuwa na uhakika wa kila kitu. Uhakika ulinitoka nilipoinuka nikaenda kutazama nyuma ya kichaka.

Hata juu ya Tseikuru sikuwa na msimamo wowote. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nafikiria meza ya jioni, mimi na mama yako tukitazamana juu ya sahani ya muthokoi, na hakuna mtu wa kunijibu methali zangu. Hofu ni neno fupi, lakini halikunijia. Likaja lile jingine, nikakutupia.

Nimeujaza ukurasa ule mweupe. Tarehe ni ya zamani, wino ni wa leo. Nimeandika: "Mvua imenyesha. Shamba lote limekwenda isipokuwa hatua nane nyuma ya mbarika, kazi ya Mwikali. Mtaro umekaa sawa. Nimeuona."

Nasikia sanduku limefunga hatimaye, na mama yako amekaa juu yake. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako, kwa maana mbele yako nitaanza kukohoa tu. Kesho, kabla hujafunga kitambaa kichwani, njoo uniinamie hapa mlangoni. Nilikiita kigumu kichwa hicho mara nyingi mno. Nataka kuweka mkono wangu juu yake.

Ni mimi baba yako